MAFUA: TUNAYOYAJUA, TUNAYOYATUMIA NA TUNAYOSTAHILI

Somo hili ni la vikundi vya masomo vya wafanyakazi wa viwanda vya Mbarara, wa mashamba ya ndizi ya Isingiro, wa mashamba ya chai ya Bushenyi na Buhweju, pamoja na ndugu zetu wa makazi ya Nakivale wanaofanya kazi bega kwa bega nasi. Mtu mmoja alisome kwa sauti, polepole, wengine wasikilize. Kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe na wote. Anayejua kusoma amsaidie asiyejua.

1. Kwa nini tujifunze habari za mafua?

Ndugu wafanyakazi, huenda mtu akacheka na kusema: "Mafua nayo ni ugonjwa wa kusomewa?" Basi na tuanze kwa kisa cha mwenzetu mmoja, mkazi wa Nakivale, aliyekuwa akifanya leja-leja, yaani kibarua cha siku, katika shamba la ndizi.

Siku ya kwanza alipiga chafya na kukohoa ndani ya lori lililotupeleka shambani. Siku ya pili alitetemeka na kichwa kikamgonga. Tulimwambia, "Ni mafua tu, kunywa chai ya tangawizi." Akanywa. Siku ya tatu alikata majani ya migomba huku akishikilia shina asianguke. Siku ya nne alibebwa kwa bodaboda hadi kituo cha afya, hajitambui vizuri. Alipopimwa damu ikaonekana ni malaria. Tunashukuru kwamba alipona.

Tulipokwenda kumtazama tukamwuliza kwa nini hakukaa nyumbani siku ile ya pili. Alijibu: "Ningekaa, nani angenilipa? Mgao wa chakula umepunguzwa, na watoto hawali pole." Hatukuwa na jibu.

Tukikitazama kisa hiki tunaona makosa matatu, na yote ni yetu sote. Kwanza, ugonjwa tuliupa jina kwa kukisia. Pili, tuliiamini dawa ya nyumbani kwa kazi isiyoweza kuifanya. Tatu, mwenzetu hakuwa na njia ya kupumzika bila kukosa chakula, nasi hatukuwa tumejipanga kumsaidia. Somo letu litafuata mambo hayo matatu: jina, dawa na mapumziko.

2. Jina la ugonjwa

Sisi tunaofanya kazi Mbarara na Nakivale tunatoka mataifa mengi. Makazi ya Nakivale yalianza miaka ya mwisho ya 1950, wakati ndugu zetu wa Rwanda walipokuwa wakikimbilia Uganda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kwa hiyo ugonjwa mmoja una majina mengi. Mnyankole na Mganda husema senyiga. Mnyarwanda na Mrundi husema ibicurane. Mkongo husema gripe. Msomali husema hargab. Hata katika Kiswahili tunapishana: kwa Wakenya wengi "nina homa" ni kusema pua inachuruzika, lakini kwa wengi wetu homa ni joto la mwili. Mtu akimwambia mwenzake "ni homa tu," kila mmoja anaweza kuelewa lake, na katika kutoelewana huko mgonjwa akachelewa kutibiwa.

Yafaa basi tutofautishe.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, zaidi ya 200. Huanza polepole: koo linawasha, pua inachuruzika, chafya, kikohozi kidogo. Mtu huweza kutembea na kufanya kazi, ingawa kwa taabu. Kwa kawaida hupona kwa wiki moja hivi.

Homa ya mafua, ambayo madaktari huiita influenza, ni kali zaidi. Humshika mtu kwa ghafla: asubuhi mzima, jioni yuko kitandani. Mwili unawaka, misuli na viungo vinauma, kichwa kinauma, kikohozi ni kikavu, nguvu zinakwisha. Joto hushuka baada ya siku tatu hadi tano, lakini kikohozi na uchovu huweza kubaki wiki mbili. Dalili huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia vibaya, akaendelea kwa siku 5 hadi 7. Ugonjwa wa korona, ambao sote tunaukumbuka tangu mwaka 2020, huweza kufanana nao kabisa.

Malaria nayo huleta joto, kutetemeka, maumivu ya kichwa na ya viungo. Hapa ndipo hatari ilipo. Wengine husema, "Nina kikohozi, kwa hiyo si malaria." Hoja hiyo si kweli. Mtu mmoja aweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja, na virusi vya pua havimfukuzi mbu. Katika sehemu zetu, hasa kandokando ya Ziwa Nakivale, sheria iwe moja: mwili ukipata joto, pima damu ndani ya siku moja. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu kutoka kidoleni na hutoa jibu kwa muda usiofika nusu saa. Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda ada ya matibabu ilifutwa mwaka 2001, na wahudumu wa afya wa vijiji hupima watoto wadogo karibu na nyumbani.

Na kikohozi kikipita wiki mbili, tusiendelee kukiita mafua. Twende tukapimwe kifua kikuu.

3. Dawa tunazozitumia

Katika kikundi chetu tulimwomba kila mmoja ataje dawa ya nyumbani kwao. Tulipata orodha ndefu, nayo ni urithi wetu, wala hatuidharau. Lakini kabla ya kuigawa, tuelewe jambo moja. Hakuna jani, mzizi, wala kidonge cha dukani kinachoua virusi vya mafua. Hospitali zinazo dawa chache za kupigana na influenza, hupewa wagonjwa mahututi na walio katika hatari. Sisi wengine tunaponywa na mwili wenyewe, ukipewa maji, chakula, usingizi na siku chache. Kazi ya dawa ya nyumbani ni kumpa mgonjwa nafuu wakati mwili unafanya kazi yake. Ikifanya hivyo, inatosha, na tusiidai zaidi.

Tuliigawa orodha yetu katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza: zinazosaidia.

Vinywaji vya moto. Mkongo alileta mchaichai, Msomali alileta chai ya tangawizi na iliki, Mnyankole alileta obushera, wengine limau na maji moto. Zote ni nzuri kwa sababu mgonjwa mwenye joto hupoteza maji mengi. Anywe mpaka mkojo wake uwe mweupe. Uji na supu ni chakula na maji pamoja. Wapo wanaomnyima mgonjwa maziwa wakidhani yanaongeza makohozi. Sivyo. Tuko katika nchi ya maziwa, mgonjwa na anywe akiyapenda, mradi yamechemshwa.

Asali. Kijiko kimoja hutuliza kikohozi, hasa usiku. Lakini mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu katika tumbo changa.

Maji ya chumvi. Kusukutua koo kwa maji vuguvugu yenye chumvi hupunguza maumivu. Kwa mtoto mchanga aliyeziba pua, matone machache ya maji safi yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, humsaidia kunyonya.

Paracetamol. Hupunguza joto na maumivu. Mtu mzima ameze kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, angoje saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Tuangalie: dawa nyingi za mafua za dukani zina paracetamol ndani yake. Anayemeza zote mbili hujizidishia bila kujua, na ini lake huumia. Watoto wasipewe aspirini.

Kikapu cha pili: zisizodhuru zikitumiwa kwa akili.

Kujifukiza. Majani ya mkaratusi, au umuravumba wa ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, huchemshwa na mgonjwa akavuta mvuke. Pua hufunguka kwa muda, naye hupata nafuu. Lakini mvuke hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watu wengi. Mtu mzima ajifukize akiwa ameketi, sufuria ikiwa chini mahali imara. Mtoto asiwekwe kabisa.

Kitunguu saumu, habasoda na majani machungu ya mululuza, ambayo Wanyankole huyaita omubirizi. Anayezoea kuyatumia kwa kiasi aendelee, lakini mjamzito aulize kwanza kituo cha afya. Tena majani machungu yasichukue nafasi ya kipimo cha malaria. Mwenzetu wa kile kisa alichelewa kwa sababu ya chai tu.

Kikapu cha tatu: zinazodhuru.

Waragi na limau. Pombe hukausha mwili, huharibu usingizi, na ikichanganyika na paracetamol huongeza hatari kwa ini.

Vidonge vya rangi mbili. Tunaingia duka la dawa na kununua vitatu au vinne vya shilingi chache. Hizo ni dawa za kuua bakteria, na mafua huletwa na virusi. Hazisaidii kitu. Ubaya zaidi, bakteria waliomo mwilini huzoea dozi ndogo, na siku tutakapopata nimonia ya kweli dawa ileile haitafanya kazi. Dawa hizo zimezwe kwa maagizo ya mganga, na dozi imalizwe.

Kukata kilimi kwa ajili ya kikohozi, na kung'oa yale yanayoitwa ebiino katika fizi za mtoto mwenye homa. Mila hizi huleta damu nyingi, uchafu katika kidonda, na pengine kifo. Hazitibu mafua wala ugonjwa mwingine wowote.

Mfano wa kukumbuka ulitokea hapa kwetu. Mwezi Juni 2021, korona ilipokuwa kali, dawa ya mitishamba iitwayo Covidex ilipata sifa nchini kote. Iliyeitengeneza ni Profesa Patrick Ogwang, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Watu waliigombea madukani na bei ikapanda. Mamlaka ya Dawa ya Taifa kwanza ilionya, kisha mwisho wa mwezi uleule ikairuhusu kuuzwa kama dawa ya kumsaidia mgonjwa wa magonjwa ya virusi. Haikuiruhusu kama dawa ya kuponya korona. Wengi walisikia neno "imeruhusiwa" wakaacha maneno yaliyofuata. Basi kila tunapoletewa dawa, iwe ya jani au ya kopo, tuulize: "Inaponya, au inasaidia? Na nani ameipima?"

4. Dalili za kukimbilia kituo cha afya

Mafua mengi hupona nyumbani. Lakini homa ya mafua huweza kushuka kifuani ikawa nimonia. Walio katika hatari zaidi ni watoto chini ya miaka 5, wazee, wajawazito, na wenye pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu, kisukari au virusi vya Ukimwi.

Mtu mzima apelekwe upesi akishindwa kupumua vizuri, akiumwa kifua, akikohoa damu, akichanganyikiwa, akishindwa kunywa, au joto likishuka kisha likarudi kwa nguvu.

Kwa mtoto, kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Fungua nguo kifuani, tazama saa au simu, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Pumzi zinaenda mbio mno zikifika:

60 au zaidi, kwa mtoto chini ya miezi 2;
50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Zikifika hapo, au ngozi ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, au akipata degedege, usingoje asubuhi. Kumbuka pia kumaliza chanjo za mtoto, kwani zimo zinazokinga aina kadhaa za nimonia.

5. Kuzuia mafua kazini

Baridi na mvua havizai mafua. Hutufukuzia ndani, tukakaa tumebanana, na hapo virusi hupata njia. Virusi husafiri katika matone ya chafya na kikohozi, na katika mikono inayogusa pua kisha ikagusa kopo, mpini wa panga au kitasa cha mlango.

Kwa hiyo: tukohoe katika kiwiko au kitambaa, si mkononi. Madirisha ya karakana na ya bweni yafunguliwe, na turubai la lori likunjwe pembeni kama mvua hainyeshi. Lile kopo moja lililofungwa kamba kwenye pipa la maji liondolewe, kila mtu aje na chake. Vivyo hivyo ule mrija mmoja wa pombe unaozunguka jioni. Na penye kazi pawe na kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni. Kinatengenezwa kwa muda mfupi, na hakihitaji ruhusa ya mtu.

Chanjo ya influenza ipo, lakini virusi hubadilika, hivyo chanjo hutengenezwa upya kila mwaka, na wengi wetu hatuipati kwa urahisi. Ndiyo maana haya madogo yana thamani.

6. Mapumziko ni dawa, na dawa hii ina bei

Sasa tufike kwenye jambo la tatu. Tumesema mwili hupona kwa maji, chakula, usingizi na siku chache. Maji na uji tunaweza kutafuta. Siku chache ndizo dawa ghali kuliko zote kwa mfanyakazi, kwa sababu bei yake ni ujira wa siku hizo.

Historia inatufundisha. Mwaka 1918 homa ya mafua iliizunguka dunia na kuua watu wapatao milioni 50 kwa makadirio. Afrika Mashariki iliingia kwa bandari ya Mombasa, ikafuata reli, askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vitani, hadi Uganda. Ilisafiri pamoja na watu wa kazi kwa sababu hao ndio waliosongamanishwa katika mabehewa na kambi. Wakati huo hapakuwa na dawa yoyote ya kuipiga. Aliyepata mtu wa kumpa maji, uji na mahali pa kulala alikuwa na nafuu kuliko aliyeachwa peke yake.

Leo tuna kitu ambacho wapagazi wale hawakuwa nacho, nacho ni sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo, akiugua, alipwe mshahara wake kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Yeye ampe mwajiri habari mapema iwezekanavyo, na akitakiwa alete cheti cha mganga. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kuwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi ya ujira. Kwa hiyo ndugu wa Nakivale asiogopeshwe kwa maneno kwamba sheria si yake.

Tunajua vilevile kwamba sheria iliyo kitabuni haijazi chungu. Wa leja-leja hubadilishwa shamba kila wiki, jina lake haliandikwi popote, na akidai huambiwa kesho asije. Basi tufanye mambo manne.

Kwanza, kila mmoja awe na daftari dogo: tarehe, mahali alipofanya kazi, saa na malipo. Miezi 4 haihesabiki kwa kumbukumbu ya kichwa.

Pili, anayeugua atume habari siku ileile kwa mwakilishi wa wafanyakazi, naye aifikishe kwa msimamizi mbele ya shahidi. Karatasi ya kituo cha afya itunzwe.

Tatu, tuanzishe mfuko wa wagonjwa katika kila kikundi. Kila siku ya malipo kila mmoja atoe kidogo alichoweza, kiandikwe mbele ya wote, na mgonjwa apate angalau unga na sabuni kwa siku tatu. Jirani mmoja apangwe kumchotea maji, hasa anayeishi peke yake.

Nne, tuzungumze na mwajiri kwa hoja ya kazi yenyewe. Mgonjwa mmoja wa homa ya mafua kwa kawaida huambukiza mtu mmoja au wawili, nao huambukiza wengine. Anayelazimishwa kuja akiwa mgonjwa hukata vibaya, hujikata, na wiki ijayo nusu ya kundi inakohoa. Mwajiri anayemlipa mtu mmoja siku tatu za kulala anaokoa siku nyingi za wengi. Hoja hii isemwe na wote pamoja. Mtu mmoja akisema ataitwa mvivu.

7. Maswali ya mazungumzo

(a) Katika lugha ya nyumbani kwako mafua huitwaje? Je, jina hilo hutumika pia kwa malaria?

(b) Taja dawa ya nyumbani unayoitumia. Utaiweka katika kikapu gani, na kwa sababu gani?

(c) Mtoto wa miezi 8 ana mafua na pumzi 54 kwa dakika. Utafanya nini?

(d) Mwenzetu wa kile kisa angekuwa katika kikundi chako, mngemfanyia nini siku ya pili?

(e) Ni wangapi kati yenu wamefanya kazi mahali pamoja kwa zaidi ya miezi 4 bila mkataba wa maandishi?

Kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena: kila kikundi kitengeneze kibuyu chirizi kimoja mahali pa kazi, kila mmoja ajifunze kuhesabu pumzi kwa mtoto wa nyumbani kwake akiwa mzima, na mweka hazina wa mfuko wa wagonjwa achaguliwe.

Tangu siku ile, katika lori letu, anayekohoa huulizwa maswali mawili: "Umepima damu?" na "Nani atakuchotea maji kesho?" Tunaomba yaulizwe katika malori yote.

Umoja ni nguvu.